Jamini Roy: gundi ya ukwaju na mstari mweusi

Wengi wakiiona picha ya Jamini Roy kwa mara ya kwanza hudhani ni kazi nyepesi: macho marefu yaliyochongoka, rangi bapa, mstari mweusi mnene ukizunguka mwili, basi. Kwangu mimi huyu ndiye mchoraji wa India aliyefikiria kwa kina zaidi rangi inatengenezwa na nini, na wepesi ule ameupata kwa jasho.

Alizaliwa 1887 katika kijiji cha Beliatore, wilaya ya Bankura, Bengal. Mwaka 1903 alijiunga na chuo cha sanaa cha serikali mjini Calcutta, akafundishwa mtindo wa Ulaya: rangi za mafuta, mwanga na kivuli. Kwa miaka mingi baada ya hapo aliishi kwa kuchora sura za watu kwa oda. Kwa hiyo alipoachana na kivuli katikati ya miaka ya 1920, aliacha kitu alichokimudu vizuri sana.

Kwanza aligeukia picha za Kalighat, zile zilizochorwa mjini Calcutta karibu na hekalu la Kali, mungu wa kike wa Kihindu, na kuuziwa mahujaji, kwa mikupuo mirefu ya burashi isiyosita. Baadaye akaona hata hizo zimeshaingiliwa na mambo ya mjini. Akarudi kwa wachoraji wa vijijini waitwao patua, na kwa vigae vya udongo vilivyopamba mahekalu ya Bishnupur, wilayani kwao.

Hapo ndipo akaziweka kando rangi za mafuta. Alibaki na rangi saba hivi: nyekundu ya udongo, nyekundu kali ya zebaki, manjano ya udongo, kijani, buluu, kijivu na nyeupe. Alizipata kwenye unga wa mawe, nili, chaki na tope la mtoni, na mistari akaichora kwa masizi ya taa. Kitambaa alikipaka udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, kisha chokaa. Alichora pia kwenye mikeka, mbao na kadibodi.

Siri kubwa iko kwenye gundi, na aliyoitumia sana ni ya mbegu za ukwaju. Mbegu hukaangwa au kulowekwa mpaka ganda litoke, zikasagwa, zikachemshwa na maji kwa moto mdogo huku zikikorogwa mpaka uji uwe unateleza, kisha huchujwa kwa kitambaa. Gundi ikipungua kwenye rangi, picha ikikauka hubaki unga unaotoka kwa kidole. Ikizidi, hujivuta inapokauka, na rangi hupasuka na kubanduka vipande vipande. Tena haikai: kwenye joto huchacha, kwa hiyo hupikwa ya kutosha kazi iliyopo. Masizi nayo yana mafuta na huelea juu ya maji; lazima kwanza yasuguliwe na gundi nzito, ndipo maji yaongezwe kidogo kidogo. Ukiruka hatua hiyo mstari unatoka na mabaka, na kwenye picha isiyo na kivuli baka halina pa kujificha.

Anayetunza picha hizi asiguse uso wake kwa kitambaa kibichi, maana rangi huyeyuka. Wakati wa masika ya Bengal gundi ile huota ukungu na kuvutia wadudu. Nili nayo hupauka ikikaa juani. Kioo cha fremu kisilale juu ya rangi.

Roy alitaka picha zake ziingie nyumba za watu wa kawaida, akaziuza bei nafuu na kurudia sura ileile mara nyingi, familia yake ikimsaidia karakanani. Nyingi hazina tarehe, na sahihi yake ya hati za Kibengali peke yake haithibitishi mkono wa nani ulichora. Ndiyo maana bandia ni nyingi. Mkaguzi makini huanza na mstari: wa Roy hunenepa na kukonda bila kusita, wa mwigaji hutetemeka kwenye kona ya jicho na penye kiwiko.

Alifariki 1972. Sheria ya India ya mwaka huohuo inalinda hazina za sanaa, na kazi za Roy zimetangazwa kuwa miongoni mwa hazina hizo: iliyoko ndani ya India haisafirishwi nje kwa mauzo. Mnunuzi wa nje hupata tu zilizokwisha kutoka zamani, na adai karatasi zinazoonyesha zimepita kwa nani.