Betri ya nyumba ndani ya Hiace yangu

Huku Lubumbashi ukitaka gari la kusafiri na kulala, unachukua Hiace, unang'oa viti vya nyuma, unapigilia kitanda, unatafuta kona ya friji. Yangu ilipofika hapo likabaki suala la betri ya nyumba, yaani ya kuendesha friji na taa injini ikiwa imezimwa, na kila mtu mjini ana jibu lake. Fundi mmoja wa komini ya Kenya, hapahapa mjini, aliniambia, "Papa, funga ya pili kama ile ya injini, basi."

Sikukubali. Betri ya kuwashia injini ina sahani nyembamba za risasi. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe. Ukiibebesha friji kila usiku, haifiki mbali.

Nikapiga hesabu. Friji ndogo ya volti 12 inayokula wati 45, ikinguruma nusu ya muda, inamaliza wati-saa 540 kwa siku. Weka taa, feni na simu, unafika 700 hivi, na ukigawa kwa volti 12 ni karibu ampea-saa 60. Betri ya risasi, hata ya sahani nene, haipendi kushushwa chini ya nusu: ya ampea-saa 100 inakupa 50. Ningehitaji mbili, na moja tu ina karibu kilo 30. Zile za maji sikuzifikiria hata kidogo. Zikichajiwa zinatoa haidrojeni, na mimi nalala juu yake!

Ndipo nikaenda kwa betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma. Kilo 12 hivi, na kati ya ampea-saa 100 unatumia 80 bila wasiwasi. Tena haina kobalti hata chembe, madini yale yanayochimbwa Kolwezi, sisi tunaopishana kila siku na malori ya barabara ya huko! Haitakiwi kuchajiwa chini ya digrii 0, lakini baridi yetu ya Juni na Julai, pamoja na ukali wake, haijagandisha maji ndani ya gari.

Kilichonisumbua zaidi ni kuijaza. Lithiamu inavuta umeme kwa pupa. Ukiiunga moja kwa moja na alternata, yaani mashine ya kuzalisha umeme kwenye injini, alternata inaweza kuungua. Nikaweka katikati chaja ya ampea 30, inayobana umeme usipite kiasi hicho. Mwendo wa saa mbili hivi, kama kwenda Likasi, unarudisha matumizi ya siku nzima.

Dukani nililipa nusu tu kwanza, iliyobaki nikishaipima betri. Muuzaji akashangaa: "Papa, si imeandikwa 100?" Imeandikwa, ndiyo, lakini karatasi inabandikwa na yeyote. Nyumbani niliijaza, nikaiunga na taa ya mbele ya gari, ya wati 55. Taa hiyo inavuta ampea karibu 5, kwa hiyo betri ya kweli iiwashe saa 20 hivi. Niliiwasha saa kumi na mbili jioni. Kesho yake saa saba mchana ilikuwa bado inang'aa. Ilipita saa nane ndipo ikazimika ghafla, bila kufifia. Lithiamu ndivyo ilivyo, volti zake hazishuki sana mpaka mwishoni, ndiyo maana nilifunga pia mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Nikarudi dukani kumalizia deni.

Ya injini niliiacha ya risasi vilevile. Na kama huna friji, unawasha taa na kuchaji simu tu, usijitie gharama: AGM moja, yaani betri ya risasi iliyofungwa isiyoongezwa maji, inakutosha, na chaja yake utaipata kwa urahisi zaidi.