Usiku wa Vipimo Vitano

Julai 2014, kwenye kliniki ya kisukari ya hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga, aliletwa kijana wa miaka 15, kilo 42, mwenye kisukari aina ya kwanza. Daftari lake lilikuwa na safu moja tu ya namba, sukari ya damu ya asubuhi kwa mmol/L: 15.2, 16.8, 17.4. Kila ilipopanda, dozi ya jioni iliongezwa, kutoka uniti 10 hadi 12, kisha 14, na asubuhi bado haikushuka. Alikuwa akitumia insulini mchanganyiko ya 30/70: uniti 20 saa 12 asubuhi, uniti 14 saa 12 jioni.

Fununu aliitoa mama yake. "Nesi, huyu mwanangu usiku shuka linalowa jasho, anaweweseka, na akiamka kichwa kinamgonga."

"Poleni sana, mama. Jioni mnakula saa ngapi?"

"Saa 2 na nusu, baba yake akisharudi baharini."

Sindano saa 12, chakula saa 2 na nusu. Katika uniti 14 za mchanganyiko ule, karibu 4 ni insulini ya muda mfupi, ile iliyo angavu kama maji. Hiyo huanza kazi baada ya nusu saa, ikawa na nguvu zaidi kati ya masaa 2 na 4. Karibu 10 zilizobaki ni NPH, insulini ya muda wa kati, nyeupe kama maziwa, ambayo nguvu yake hufika kileleni kati ya masaa 4 na 10 tangu kuchomwa. Kwa hiyo ile ya maji ilikuwa inakaribia kilele kabla ugali haujatengwa, na ile ya maziwa ilimkuta usingizini, usiku wa manane, chakula kimeshapungua tumboni. Kulipopambazuka ilikuwa imefifia. Na alfajiri ndipo mwili, hasa wa kijana anayekua, humwaga homoni ya ukuaji na ile ya kortisoli, na ini likatoa sukari kwa wingi. Kuongeza uniti saa 12 jioni kulichimba zaidi shimo la usiku, na alfajiri ikabaki bila kinga.

Kongosho lenye afya hutoa insulini kidogo kidogo usiku na mchana, kisha huongeza haraka chakula kinapoingia. Sindano 2 haziwezi kuiga hilo kikamilifu. Zinaweza kulikaribia, lakini saa ya kuchoma ikipuuzwa, hesabu nzuri ya uniti haisaidii kitu.

Tulimlaza. Usiku wa kwanza dozi ilibaki ileile, na muuguzi wa zamu akakaa na glukosi karibu na kitanda. Vipimo 5: saa 12 jioni 9.2, saa 2 na nusu kabla ya kula 4.6, saa 4 na nusu usiku 13.1, saa 8 usiku 2.9, saa 12 asubuhi 14.3. Ile ya 2.9 ilipoonekana alikuwa amelowa na mikono inatetemeka. Alipewa vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, akapimwa baada ya dakika 15: 4.7. Akaongezewa kipande cha mkate ili isishuke tena.

Wenzangu wengine walisema 14.3 ya asubuhi ni mwili kujitetea: sukari ikishuka, homoni za adrenalini na glukagoni huisukuma juu. Hilo lipo, na sukari tuliyompa nayo ilichangia. Lakini mimi niliamini, na bado naamini, kwamba sababu kubwa ilikuwa insulini kuisha kabla ya alfajiri.

Jioni iliyofuata tuliitenganisha dozi ya usiku. Uniti 4 za insulini ya maji saa 2 kamili, nusu saa kabla ya chakula, tumboni ambako hunyonywa haraka. Uniti 8 za NPH saa 4 usiku, pajani ambako hunyonywa polepole. Zilikuwa karibu 10. Tulipunguza 2 kwa sababu mtu aliyeshuka hadi 2.9 hapewi dozi ileile. Asubuhi tuliacha mchanganyiko wa uniti 20, maana mchana wake haukuwa na shida. Kwa kuwa sindano za usiku ni za saa tofauti, hakukuwa na haja ya kuchanganya chupa 2 kwenye bomba moja, kazi inayowakosesha wengi.

Kosa jingine tuliliona mama alipotuonyesha anavyovuta dawa: chupa ilitoka moja kwa moja kwenye chungu cha maji ikaingia sindano. NPH hutuama. Isipoviringishwa, leo utavuta dawa nyepesi, kesho nzito. Tulimfundisha kuiviringisha viganjani mara 20 na kuigeuza juu chini mara kadhaa hadi weupe uwe sawasawa, bila kuitikisa kwa nguvu, kwani mapovu huharibu kipimo.

Usiku wa pili, saa 9: 6.4. Asubuhi: 8.8. Usiku wa tatu: 6.1 na 7.9.

"Na siku baba yake akichelewa baharini?" mama aliuliza siku ya kuondoka. Nikamwambia sindano ya maji isubiri sahani iwe karibu, lakini ile ya maziwa ichomwe saa 4 hata kama hawajala.

Waliondoka na mashine ya kupimia sukari, ya kuazima, na vijiti vyake 12 vya kupimia. Aliporudi baada ya wiki 3, daftari lilikuwa na safu 2. Ile ya saa 9 usiku ilikuwa na namba 6, na ndogo kuliko zote ilikuwa 5.3.