Mbalamwezi haipimi seva

Kigoma, usiku wa mwezi mpevu.

Ziwa limetulia. Mwezi ukiwaka hivi, dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi mingi imelala na vichanja vya Kibirizi ni vitupu. Faili la takwimu za mialo nalo linakuwa jembamba. Ni siku kama hizi ambazo programu mbovu hujipatia sifa: inasoma faili lote kwa mkupuo, inalikata mistari, inaingiza kwenye kanzidata na kujibu "tayari". Giza likirudi, mistari inafurika, seva inazima.

Chukua faili la megabaiti 300 kwenye seva yenye megabaiti 512 za kumbukumbu. Ukilisoma zima kwa Node.js, jukwaa la kuendesha JavaScript kwenye seva, baiti zenyewe zimekwisha kula 300. Ukizigeuza kuwa maandishi, hesabu inategemea herufi moja. V8, injini ya JavaScript iliyo ndani ya Node.js, hutunza maandishi kwa baiti 1 kwa kila herufi zote zikiwa ndani ya Latin-1, seti ndogo ya herufi za Kilatini. Ikijipenyeza hata moja ya nje, mfuatano mzima unatunzwa kwa baiti 2. Na huku kwetu haikosekani: simu hupenda kupinda ritifaa ya "ng'onda" ikawa ’. Ng’onda mmoja kati ya mistari milioni, na 300 inakuwa 600, hata mstari wa kwanza haujakatwa.

Dawa ni mkondo. Faili linasomwa kwa vipande vya kilobaiti 64, kila kipande kinapita kwenye kichujio, kinaandikwa, kinasahaulika. Lakini hiyo ritifaa iliyopinda inakufuata hata huku. Katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kama baiti, ina baiti 3, E2 80 99, na kipande hakijali kinakatikia wapi. Kikiishia baada ya E2, ukageuza kila kipande peke yake kuwa maandishi, unapata alama za � mahali pa ng’onda. Tumia StringDecoder, ambayo hushikilia baiti zilizobaki hadi wenzake wafike. Mstari wa CSV, yaani faili la safu zinazotenganishwa kwa mkato, nao hukatika vivyo hivyo, basi mkia wa kipande uwekwe kando, uunganishwe na kichwa cha kinachofuata. Usikate kwa alama ya mstari mpya tu: maelezo yaliyo ndani ya nukuu yanaweza kuwa na mistari miwili. Mimi naona heri kutumia maktaba iliyokomaa kuliko kujiandikia kichanganuzi cha CSV.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kusubiriana. Kusoma diski ni kwepesi, kanzidata ni nzito. write() ikirudisha false inasema bafa, yaani ghala la muda kwenye kumbukumbu, imejaa; ngoja tukio la drain, linaloashiria kuwa imepungua. Ukiendelea kumimina, Node.js haikukatalii; inalundika tu kwenye kumbukumbu, na mkondo wako umegeuka kuwa lile faili zima ulilolikimbia. Kosa hili hujificha hasa kwenye on('data'), inayoitwa kila kipande kinapofika, ikiwa na kazi ya async (ya kungoja) ndani yake: inaonekana inangoja, kumbe hakuna anayeingoja. pipeline, inayounganisha mikondo, husubirisha yenyewe, kitanzi cha for await pia. pipe ya zamani nayo husubirisha, ila chanzo kikipata hitilafu haifungi upande wa pili, na faili zilizoachwa wazi zinaongezeka polepole.

Kwenye kanzidata usiingize mstari mmoja mmoja. Kusanya 500. Kanzidata ya PostgreSQL inapokea vigezo (thamani zinazojazwa kwenye ombi) 65,535 kwa ombi moja, hivyo kwa safu 8 mwisho wako ni mistari 8,191; 500 inatumia vigezo 4,000 tu na inatosha. Angalia mambo mawili. Mikondo ya vitu, yaani objectMode, hushika vitu 16 kwa kawaida, na kama kitu kimoja ni fungu la mistari 500, tayari una mistari 8,000 imekaa kwenye bafa moja. Shusha highWaterMark, kikomo cha bafa, iwe 2. Pili, fungu la mwisho halijai. Bila kuandika flush, kazi inayotoa kilichobaki mkondo ukiisha, faili la mistari 10,230 litaingiza 10,000, na zile 230 zitapotea bila kelele yoyote. Data iingie kwanza kwenye jedwali la muda, ihamie kwenye jedwali kuu kwa muamala mmoja, ili hitilafu ya katikati isiache nusu ya siku.

Kutoa ripoti kuna ugumu wake. Baiti ya kwanza ikishatoka, msimbo wa HTTP wa 200 (mafanikio) umeshakwenda. Hitilafu ikija baadaye huwezi kuugeuza kuwa 500 (kosa la seva). Kata muunganisho. Ukimaliza kwa res.end(), inayofunga jibu kama kawaida, mtu wa Uvinza atapata faili lililokatika ambalo kwa macho limekamilika. Na asiyevumilia akifunga simu, hakikisha kishale cha kanzidata (cursor), kinachosoma matokeo kidogo kidogo, nacho kinafungwa, la sivyo miunganisho inaisha.

Nginx, seva inayosimama mbele ya programu yako, huweka majibu kwenye bafa yake, na kuna wanaozima hilo kwa pupa. Kwa ripoti za kupakua, liacheni: Nginx inapokea haraka, kanzidata inapumzika, halafu yenyewe ndiyo inayovumilia mtandao wa kusuasua wa mteja. Zima kwa kichwa cha jibu X-Accel-Buffering: no pale tu mtu anapotazama maendeleo moja kwa moja.

Kupima kusingoje giza. Chukua faili kubwa la mwezi uliopita, lirudie mara 10, liendeshe huku ukiandika rss, kumbukumbu yote inayotumiwa na programu, kila sekunde. Usitazame heapUsed, kumbukumbu ya vitu vya JavaScript, peke yake, maana bafa za baiti hukaa nje ya hapo. Namba ikipanda kidogo kisha ikatulia, vizuri. Ikipanda sambamba na faili, kuna mahali kitu kinalundikwa. Anza kutafuta kwenye on('data').