Mapenzi yako yatimizwe, hapo ndipo nilipokwama

Binti yetu juzi katimiza miezi 14. Alisimama mwenyewe kashika kochi, akanitazama, akakaa tena chini pwaa, na mimi machozi yakanitoka mbele ya shemeji yangu aliyekuja kututembelea, akauliza vipi tena, sikumjibu. Ndo nikaona bora niandike. Hii stori ya kuzaliwa kwake naikwepa tangu Desemba ya mwaka juzi, na kila nikitaka kuitolea ushuhuda kanisani naona yanakuja maneno ya kumfurahisha msikilizaji na sio yale yaliyotokea.

Sisi ni watu wa Machame, Kilimanjaro, tunaishi Dar, na Desemba kila mtu anajua Mchagga anaenda wapi. Tiketi za basi tulishakata za tarehe 20. Tarehe 11 mke wangu kaamka miguu imevimba, kichwa kinamgonga, anasema anaona vinyota machoni, mimi nikajua ni uchovu wa mimba, nikamwambia alale kidogo nikifunga duka tutaenda kliniki. Mpaka leo hiyo "nikifunga duka" inaniuma. Mama mkwe ndo alipiga simu akasema hapana, mpeleke sasa hivi. Presha ilikuwa 170 kwa 110, mkojo ukapimwa una protini nyingi, tukapandishwa gari kupelekwa hospitali kubwa. Mimba ilikuwa na wiki 30. Dokta akatueleza kwa upole kabisa kwamba dawa ya presha ya ujauzito kama hii ni mtoto kutoka, wanachoweza kufanya ni kumchoma mama sindano za kukomaza mapafu ya mtoto na kuomba presha iwape siku mbili. Presha ikawapa kama masaa 30. Alfajiri ya tarehe 13 nikasaini karatasi ya upasuaji, kilichoandikwa pale sikukisoma.

Kilo 1.2.

Naomba nieleze kidogo njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ni nini kwa ambaye hajawahi kumwona, maana mimi nilidhani ni mtoto wa kawaida ila mdogo. Ngozi yake inang'aa, unaona mishipa. Masikio laini yanajikunja kama karatasi. Ana mrija puani wa oksijeni na mwingine wa maziwa, na maziwa yenyewe mwanzo yalikuwa mililita 3 kila baada ya masaa matatu, unayatia kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, unaliinua juu, unasubiri yashuke yenyewe, huruhusiwi kusukuma. Unasimama pale mkono juu unaangalia kile kimstari cheupe kinavyoteremka. Alafu siku za mwanzo wote wanapungua uzito, tuliambiwa ni kawaida, lakini wewe unayesimama pembeni ya mzani ukiona 1.2 imekuwa 1.1 hakuna kawaida hapo. Akapata na manjano, akawekwa chini ya taa ya bluu kafungwa macho.

Mke wangu alikuwa wodi nyingine, presha yake iligoma kushuka siku tano nzima, kwa hiyo nilikuwa napanda na kushuka ngazi, huku namdanganya mama kwamba mtoto anaendelea vizuri sana, kule nikimwangalia mtoto naogopa kumpa jina.

Sasa suala la imani. Mimi nimekulia KKKT, kanisa la Kilutheri, nimeimba kwaya ya vijana, nimesoma masomo ibadani, kwenye jumuiya yetu mimi ndo huwa naambiwa "kaka tuombee tufunge". Watu waliponiona kwenye zile ngazi wakajua huyu atakuwa anaomba usiku kucha. Ukweli ni kwamba sikuweza. Usiku wa kwanza nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikaanza Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, nikafika mapenzi yako yatimizwe nikakwama. Mdomo ulikataa. Nilihisi nikilisema hilo neno nakuwa nimesaini karatasi nyingine, namwambia Mungu haya mchukue kama ndo unavyotaka. Nikaanza upya, nikakwama palepale. Nilikuwa namwamini Mungu kabisa kwamba yupo na anaweza, na hicho ndo kilichonitisha, kwamba anaweza na sijui ataamua nini.

Siku ya tatu akaja mtu mmoja anayejiita mtumishi, kaletwa na ndugu yetu kwa nia njema tu. Akaniambia mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake kuna mlango umeachwa wazi kwenye familia, tukae tutafute nani aliufungua, kisha kuna sadaka ya kuufunga, akataja na kiasi. Nilikuwa nimeshauza pikipiki kulipia bili, ningeuza na duka siku ile kama asingetokea nesi akaita "baba wa kilo moja na mbili, muda wa maziwa." Namshukuru Mungu kwa yule nesi. Nasema hivi kwa uchungu kabisa, kumwendea mtu aliye chini kiasi kile ukamwambia kosa ni la kwake na bei yake ni hii, sijui Biblia gani inaruhusu. Mimi nilishajilaumu vya kutosha kwa ajili ya lile duka.

Jioni ileile nikampigia mzee wetu wa kanisa, ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Nikamwambia mzee mimi kuomba nimeshindwa, nikifika mapenzi yako nakwama. Nilitegemea anikemee. Akakaa kimya, nasikia cherehani imesimama, akasema, "Baba, hata Bwana mwenyewe kule Gethsemane alianza kwa kuomba kikombe kiondolewe. Na alirudia mara tatu, jasho linamtoka. Wewe unataka kulimaliza kwa siku moja? Acha. Hicho kipande tutakusemea sisi."

Kesho yake asubuhi saa 12 jumuiya ilikutana nyumbani kwa mama mmoja mtaani kwetu, wakanipigia simu wakaiweka spika. Nikasikia viti vinaburuzwa, mtoto wa mtu analia, wakaimba ubeti mmoja, wakaanza Sala ya Bwana. Nikaenda nao. Nilipofika pale nikanyamaza, na zile sauti zikapita juu yangu, mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni, alafu nikadakia kwenye mkate wetu. Ikawa hivyo kila siku. Yaani kila asubuhi watu kama 12, wengine wanawahi kazini, wanasema kile kipande kwa niaba yangu na hakuna aliyewahi kuniuliza lini nitaanza kukisema mwenyewe.

Ndo katika siku hizo nikasoma upya Marko sura ya 2, yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne kule Kapernaumu, wakakuta nyumba imejaa, wakatoboa dari wakamteremsha na godoro lake. Nimeisikia tangu sande skuli, tuliigiza kabisa. Ila kuna neno dogo lilikuwa limenipita miaka yote: "Naye Yesu, alipoiona imani yao." Yao! Ya nani? Yule aliyelala hatuambiwi alikuwa anaamini nini, labda alikuwa amechoka, labda alikuwa anawaambia niacheni jamani mtaniangusha. Nilisoma huo mstari nimekaa chini kwenye korido na nikalia kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe, kwa sababu nilikuwa najiona mnafiki siku zote zile, kumbe mimi niko kwenye godoro. Na kwenye godoro kazi yako ni kulala tu.

Nikaanza kuwatazama walioshika kona. Mama wa jumuiya alileta mtori, ile supu ya ndizi na nyama, kila siku kwenye hotpoti lililofungwa kitenge, anapanda daladala mbili, hakai, anasema "mpe mwenzio anywe wa moto, maziwa yatoke." Jirani yangu wa duka Kariakoo, Muislamu, alikuwa anafungua duka langu pamoja na lake, ananitumia mauzo kila jioni kwenye simu hadi shilingi ya mwisho, na chini anaandika "Allah ampe afya binti yetu". Mama yangu kule Machame alipiga saa 11 alfajiri akaomba kwa Kichagga, haraka haraka kama mtu anayemgombeza mwanawe, na mimi nusu ya maneno siyajui ila nilikuwa naelewa.

Mtoto alipotimiza siku sita nesi aliniambia nivue shati. Mama bado hawezi, akasema, kangaruu utafanya wewe. Akanieleza hii njia ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali haikuwa na mashine za joto za kutosha ikabidi vifua vya wazazi vifanye kazi hiyo, na ikaonekana watoto wanaendelea vizuri. Akamlaza kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, kichwa upande, akatufunga na khanga kwa kukaza. Alikuwa mwepesi kama mfuko wa chumvi, na wa moto. Akaniambia njiti huwa anasahau kupumua, ukiona kimya mguse unyayo. Kisha akaondoka kwenda kwa wengine!

Usiku ule sikufumba jicho. Nilikuwa nahesabu. Anapumua haraka haraka, alafu anasimama, moja, mbili, tatu, nne, anaanza tena. Saa tisa hivi akasimama nikahesabu hadi nane, tisa, kumi, nikaingiza mkono kwenye khanga nikatafuta ule mguu, mrefu kama kidole changu cha gumba, nikausugua unyayo kwa ukucha, akashtuka, akavuta hewa, akaendelea. Mara tatu usiku ule. Sikuomba kwa maneno yoyote. Ila nilivyokuwa nausugua ule mguu nilijua kuna mtu na mimi ananisugua unyayo kila saa 12 asubuhi kwenye simu.

Kuna jambo siwezi kuliruka ingawa ningependa. Kitanda cha jirani kulikuwa na dada mmoja kutoka Mkuranga, mtoto wake wa kiume alikuwa na gramu 100 zaidi ya wetu. Yule dada alikuwa na imani kuliko mimi mara mia. Ndiye aliyekuwa anaimba mapambio taratibu wakati wa kukamua maziwa, wamama wengine wanaitikia, na ndiye aliyenifundisha kumshika mtoto wakati wa kubadilisha nepi. Tarehe 22 usiku mwanae alikata pumzi na hakurudi. Walijaribu sana, nililiona kwa macho yangu. Asubuhi alikunja khanga zake moja moja, akaweka kwenye mfuko, akaja akamgusa binti yangu kichwani akasema "kua mama," akaondoka na mumewe. Kwa hiyo mtu akiniambia mtoto wenu alipona kwa sababu mliomba sana, namwambia tafadhali usiseme hivyo mbele yangu. Yule dada aliomba. Na watu wake walibeba kona zao. Sijui kwa nini, na nimeacha kutafuta sababu ya kumpa Mungu ili aonekane vizuri. Namlilia tu. Zaburi zimejaa watu wanaouliza hata lini Ee Bwana na hawakufukuzwa.

Krismasi tulikula wodini. Mke wangu presha ilishashuka, kaka zangu walikuwa wameshapanda Machame wananitumia picha za kisusio kwenye wasap, sisi tumekaa kwenye kiti kimoja cha plastiki kwa zamu, mtoto kifuani kwake. Kutoka kanisa la jirani kikasikika kipaza sauti, maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa. Mke wangu akasema, Yesu naye alizaliwa safarini hakuna chumba, na mama yake akiwa binti mdogo tu. Akanyamaza. Akasema, tumwite Neema. Hapo ndo alipata jina, siku ya 12.

Tulitoka tarehe 26 Januari, kilo 1.9. Madeni tulimaliza Agosti, kikoba kilitusaidia.

Labda mtauliza kama sasa naweza kukisema kile kipande. Kuna Jumapili nakisema na kuna Jumapili nasikiliza wengine wanavyokisema, hasa Neema akiwa na homa. Na bado usiku naamka nakwenda kwenye kitanda chake, namgusa unyayo, anavuta mguu kwa hasira, narudi kulala.

Jumuiya yetu kesho inaenda kwa kaka mmoja ambaye mkewe ameanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, figo zimefeli zote. Jana alinipigia, akasema kaka mimi kuomba siwezi. Mke wangu amemenya ndizi, nyama iko jikoni tangu saa kumi, na lile hotpoti tumeliazima palepale kwa yule mama.