Makunyanzi yangu yalikuwa kazini

"Mwalimu, leo umelia?"

Aliyeuliza ni msichana wa Kidato cha Pili, mtoto mwenye huruma zake. Nikamjibu kuwa sijalia, ni usingizi tu. Uongo mtupu, nilikuwa nimelala saa nane nzima. Wiki iliyofuata mwenzangu wa ofisini akaniuliza kama nimepima malaria. Nilikuwa na miaka 54, presha ya kumeza vidonge, na uso uliokuwa ukiwaambia watu mambo nisiyoyajua.

Jibu nililiona kwenye picha za harusi ya mpwa wangu. Wote wametoa macho, mimi nimesinzia. Juu ya hapo, paji la uso lina mistari minne iliyonyooka kama daftari la mwandiko. Nikaikuza ile picha kwenye simu na kuitazama mistari ile kwa muda mrefu. Hapo ndipo nilipokosea: niliyaona makunyanzi, sikuziona kope.

Mdogo wangu anaishi Dar es Salaam, na kwa mambo ya urembo yeye ndiye kamusi ya ukoo. "Dada, hiyo ni sindano moja tu ya Botox," akasema. "Siku hizi hata wake za wachungaji wanachoma." Likizo ilipofika nikapanda basi kutoka Tanga, akanipeleka kwenye saluni moja yenye chumba cha nyuma. Binti aliyevaa koti jeupe akanitazama kidogo tu, akasema, "Mama, hapa tunapiga pasi paji la uso, unarudi kuwa msichana." Hakuniuliza natumia dawa gani. Hakunigusa kope. Alifungua friji, nikaona soda mbili na chupa ya maji, akatoa kichupa. Akanichoma mara sita kwa mstari, kila mchomo kama siafu. Dakika kumi, nikalipa, tukaenda kula.

Siku ya tano mistari ilianza kupotea. Siku ya kumi paji langu lilikuwa laini kama sahani, na macho yamefunga nusu. Nyusi zilikuwa zimeshuka na kuikalia ngozi ya kope, nayo ngozi imekalia nywele za kope. Nilikuwa nikiinua kidevu ili nimwone mtu mrefu. Nikitoka sokoni nikajigonga kichwa kwenye dirisha la duka lililofunguliwa kwa nje, kitu kilichokuwa mbele yangu kabisa. Nyumbani nasahihisha madaftari kwa mkono wa kulia, kidole cha kushoto kimeshikilia kope. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Alinitazama siku mbili, ya tatu akauliza, "Hiyo pesa wanarudisha?"

Nilipompigia yule binti aliniambia nisubiri, kisha akasema ana sindano nyingine ya kunyanyua nyusi. Nikakata simu.

Nilikwenda kwa daktari wa macho, maana sasa nilikuwa sioni, na habari ya urembo ilikuwa imenitoka kichwani. Yeye akanielekeza kwa mwenzake Dar es Salaam aliyesomea upasuaji wa kope na sehemu zinazozunguka jicho. Sikujua kama kuna daktari wa namna hiyo. Nilidhani kuna wa macho na kuna wa urembo, basi.

Aliniketisha, akaomba picha zangu za miaka ya nyuma, kisha akanieleza jambo ambalo laiti ningelisikia kabla ya ile sindano. Msuli unaonyanyua nyusi ni mmoja tu, nao umetandaa kwenye paji la uso. Kope zangu zilipoanza kulegea, ule msuli ukabeba mzigo bila kuniomba ruhusa: kutwa nzima unavuta nyusi juu ili mboni zipate mwanya. Ile mistari minne ndiyo alama ya kuvuta huko, na maumivu ya kichwa ya jioni niliyokuwa nikiyasingizia chaki na kelele za watoto yalitokana na kazi hiyohiyo. "Mwalimu," akasema, "makunyanzi yako yalikuwa kazini. Ukaenda ukayafukuza kazi, na hakuna aliyeshika zamu."

Nilicheka, halafu nikataka kulia.

Sindano yenyewe hakuitukana. Ni sumu ya bakteria iliyopunguzwa mno, inazuia neva isiuamrishe msuli, na akasema walioianza ni watu wa macho kama yeye. Alan Scott wa San Francisco aliitumia kwa makengeza. Kisha Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, alipokuwa akiwatibu watu ambao kope zao hujibana zenyewe, mgonjwa wake mmoja akagundua kuwa mikunjo ya katikati ya nyusi inatoweka. Mumewe, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi. Mwaka 1987 wakaanza kuichunguza kwa ajili ya mikunjo, na Marekani ikairuhusu kwa kazi hiyo mwaka 2002. Kwa mtu aliyekunja ndita tu, mwenye kope imara, inafaa. Kwa paji la mtu mwenye kope kama zangu, ni kuondoa nguzo kabla ya kutazama paa.

Nikamwuliza dawa ya kuifuta. Akasema haipo, huisha yenyewe kwa miezi mitatu hadi minne, na mpaka iishe hataweza kupima kope zangu sawasawa. Akanifundisha kuzibandika kwa kipande chembamba cha plasta ya karatasi wakati wa kusoma. Nikafundisha muhula mzima nikiwa na plasta machoni. Wanafunzi walinipachika jina ambalo silitaji hapa.

Mwezi wa nne mistari ikarudi. Sikuwahi kufikiri nitafurahia kuyaona makunyanzi kwenye kioo.

Vipimo vya safari hiyo vilichukua asubuhi nzima. Aliweka rula ndogo mbele ya jicho, akapima kutoka mng'ao wa tochi kwenye mboni hadi ukingo wa kope, ili ajue kama tatizo ni msuli wa kope wenyewe au ni ngozi iliyozidi. Msuli ulikuwa mzima, ngozi ndiyo iliyozidi, na tiba aliyonipendekezea ni upasuaji wa kuipunguza. Akaweka vikaratasi ndani ya kope za chini kwa dakika tano aone kama machozi yanatosha, kwa sababu mwenye macho makavu akikatwa kope huweza kuteseka baadaye. Kisha nikakaa kwenye mashine ya vitaa: unatazama katikati, kila kitaa kikiwaka unabonyeza. Nilifanya mara mbili, kope zikiwa zimeachiwa, halafu zikiwa zimenyanyuliwa kwa plasta. Alipoziweka karatasi mbili pamoja, ile ya kwanza ilikuwa nyeusi upande wote wa juu. Nilikuwa naiona dunia kutoka chini ya kofia.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Umewahi kutumia mkorogo?"

Nikasema hapana. Akanyamaza, kalamu mkononi. Mimi mwenyewe nimewafanyia wanafunzi ujanja huo miaka thelathini, nikajua nimekamatwa. Ndiyo, nilitumia, kuanzia kabla ya ndoa mpaka nikiwa na mtoto wa pili, krimu za kwenye vikopo visivyo na jina. Akaeleza kuwa nyingi huwa na steroidi kali, nyingine zebaki au haidrokwinoni, na steroidi ikipakwa usoni miaka mingi hukondesha ngozi, na ikipakwa karibu na macho huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho. Akanipima na hiyo. Ilikuwa salama, Alhamdulillahi. Ningeshikilia uongo wangu, kipimo hicho kisingefanyika.

Nilimwonyesha pia kovu lililovimba nyuma ya sikio, pale nilipotoboa tundu la pili. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi: ngozi yetu nyeusi na makovu yanayofura. Akasema ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki hata milimita moja, na makovu ya aina ile hutokea hapo kwa nadra sana. Tena mkato hufichwa kwenye mkunjo wa kope wenyewe.

Nilirudi Tanga bila kumjibu. Kuna mambo mawili yaliyobaki, pesa na dhambi. Bima ilisema kope ni urembo, ile karatasi nyeusi ya vitaa haikuwagusa. Nikachukua mgawo wangu wa vikoba uliokuwa wa vigae vya sebule. La dhambi nililipeleka kwa kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenye elimu ya dini nyumbani kwetu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ya kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu. Akasikiliza habari ya dirisha la duka, akauliza, "Huoni?" Nikasema juu sioni. "Basi hiyo ni tiba. Ile ya kwanza ya paji la uso ndiyo uombee msamaha." Akaongeza kuwa madaktari wa Kiislamu walikata kope zamani sana, Zahrawi wa Andalusia, ile Hispania ya Waislamu wa zamani, aliyefariki yapata mwaka 1013, alieleza namna ya kukata ngozi ya kope ya juu na kuishona kwa wale ambao nywele za kope zao zimegeukia ndani na kulichoma jicho. Kaka yangu akipata nafasi ya kutaja Andalusia haiachi ipite.

Upasuaji uliahirishwa mara moja. Siku hiyo presha yangu ilikuwa 170 kwa 100, kwa woga na kwa foleni ya Ubungo, na daktari akanirudisha nyumbani. Nilikasirika. Akaniambia wanachokiogopa zaidi ya vyote ni damu kuvuja nyuma ya jicho. Hutokea mara chache mno, lakini ikitokea inaweza kuondoka na uoni. Kwa sababu hiyohiyo alikuwa amenikataza kwa wiki mbili vidonge vya mafuta ya samaki na ile chai yangu ya tangawizi na kitunguu saumu. Hasira ikaniisha.

Mara ya pili presha ilikubali. Alinichora kwa kalamu nikiwa nimeketi, si nimelala, kwa sababu ukilala ngozi inahama. Akabana ngozi kwa koleo ndogo, akaniambia nifumbe, akapima tena. Alisema kosa kubwa la kazi hii ni kuondoa nyingi, kwani ngozi iliyobaki kidogo unaweza kurudi kuipunguza, lakini aliyekatwa kupita kiasi analala macho wazi. Lazima zibaki kama milimita 20 kati ya unyusi na ukingo wa kope.

Sindano ya ganzi ndiyo pekee iliyouma, moto wa sekunde chache kila upande. Ilichanganywa na adrenalini ili damu isitoke sana. Baada ya hapo nilisikia kuguswa tu. Nilikuwa macho, taa kubwa juu yangu, muuguzi akinishika mkono na kuniuliza habari za Tanga kana kwamba tuko barazani. Kuna harufu moja ambayo hakuna aliyenitahadharisha nayo: wanapochoma vimishipa ili kuzuia damu, chumba kinanuka nywele zinazoungua, na unajua fika zinazonuka ni zako. Ndani ya saa moja wakamaliza kope mbili.

Usiku wa kwanza nililala nimeegemea mito mitatu, kitambaa cha maji baridi machoni, si barafu yenyewe. Niliambiwa maumivu makali ya ghafla, uvimbe wa upande mmoja au kuona kupungua, nisingoje asubuhi. Hayakuja. Siku ya pili niliamka na sura ya bondia aliyepoteza pambano. Kuinama kumekatazwa, kwa hiyo nilisali nimekaa kitini, na kwa kuwa nyuzi hazikutakiwa kulowa siku mbili za mwanzo, nilitayamamu. Nyuzi zilitolewa siku ya sita, kazi ya dakika tano.

Kilichonipa taabu ni mtaa. Nilirudi Tanga na miwani ya jua, macho yakiwa ya zambarau yanayoelekea manjano, na jirani yangu, mama wa watu, akamsubiri mume wangu getini akamwambia, "Baba, mkeo ni mtu mzima, mnyamazie tu." Maskini mume wangu. Hajapata kunyanyulia mtu mkono, na kwa wiki mbili watu walimsalimia kwa baridi. Ilibidi nimwite yule jirani ndani, nivue miwani, nimweleze mwanzo hadi mwisho. Kesho yake akaja na wifi yake kutazama.

Sasa ni mwaka na miezi kadhaa. Mkunjo wa kope ya kushoto uko juu kidogo kuliko wa kulia, naujua mimi na daktari. Macho yaliniwasha kwa ukavu miezi miwili, nikatumia matone. Chini ya macho vifuko viko palepale, na sina mpango navyo. Kichwa cha jioni kimekwisha. Na ile mistari minne, bila sindano yoyote, imebaki kivuli tu, kwa sababu msuli hauna tena cha kuvuta. Binti yangu aliporudi kutoka chuo hakugundua kitu, alisema tu, "Mama, likizo imekukubali."

Nilichokuwa sijakijua kilikuwa darasani. Kumbe kwa miaka nilikuwa nikianza kuandika katikati ya ubao, sehemu ambayo macho yangu yalifika bila taabu, na watoto wa nyuma wanaandika nusu kwa sababu vichwa vya wenzao vimeziba mistari ya chini. Sasa naanzia juu kabisa, kidole kikigusa fremu. Kidato cha Pili wananung'unika kwamba notisi zimekuwa ndefu.