Dhahabu ya Kilwa mjini Lisbon

Watalii wengi huianza siku yao ya Lisbon kwa kupanda tramu namba 28 kuelekea Alfama. Nami nilifanya vivyo hivyo, ingawa tramu ilishona abiria kiasi kwamba nilichokiona zaidi ni migongo yao. Alfama, mtaa wa vichochoro na ngazi, ulinusurika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, ilhali Baixa iliyo bondeni ilibomoka na kujengwa upya chini ya Marquês de Pombal, waziri mkuu wa mfalme, kwa barabara zilizonyooka na nyumba zenye viunzi vya mbao ndani ya kuta ili zihimili mitikisiko. Huko nilipita upesi, kwa kuwa shabaha yangu ilikuwa jumba la makumbusho liitwalo Museu Nacional de Arte Antiga.

Humo imehifadhiwa monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi Takatifu, iliyotengenezwa kwa dhahabu ya Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa akiwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, alipe kodi ya utii kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo, ambayo ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe na kupitia Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, kabla ya kuwatajirisha wafanyabiashara wa Kilwa, ilifika Lisbon mwaka 1503, na Mfalme Manuel I akaamuru itengenezewe chombo cha kanisa. Kazi hiyo hunasibishwa na sonara Gil Vicente. Nilizunguka kabati la kioo mara kadhaa: mitume kumi na wawili wamepiga magoti, mavazi yao yametiwa rangi, na chini yao wamesanifiwa ndege na maua madogo mno. Kwenye ukingo wa kitako pamezungushwa maandishi yanayosema waziwazi kwamba mfalme aliagiza chombo hicho kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, yaani Kilwa kwa Kireno, kikakamilika mwaka 1506. Uzuri wake haukanushiki, wala maandishi hayo hayafichi ulikotoka. Kwangu mimi niliyewahi kutembea katika Husuni Kubwa, magofu ya kasri la Kilwa, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kutazamwa Lisbon.

Alasiri nilikwenda Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto, kwenye monasteri ya Jerónimos ambayo monstransi hiyo ilikusudiwa. Ujenzi wake uligharimiwa kwa sehemu na ushuru wa viungo kutoka Mashariki, na nguzo za kanisa lake zimechongwa kwa ufundi unaomlazimu mtu kuinua shingo. Karibu na mlango limo kaburi la Vasco da Gama, likitazamana na la mshairi Camões. Kiongozi wa kundi lililokuwa jirani yangu alisimulia kwa kirefu habari za Calicut, bandari ya India ambayo da Gama aliifikia. Malindi aliitaja kwa ajili tu ya rubani aliyemwongoza da Gama kutoka huko hadi India, na Kilwa hakuigusa kabisa. Kundi lilipotoka lilikwenda moja kwa moja kupanga foleni ya keki za maziwa na mayai, nami, kwa kuwa njaa haina itikadi, nikasimama nyuma yao.