Mboni ya kulia

Vijana wawili walimleta mwanangu nyumbani na bajaji saa tano usiku, wamemshika makwapani. "Shikamoo mama. Kaanguka na bodaboda, lakini yuko poa, kalewa tu." Juu ya sikio la kulia nywele zilikuwa zimegandamana na damu. Nikamwita, akafumbua macho, akaniambia kichwa kinamuuma na anataka kulala. Ana miaka 20.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 11 huu nipo chumba cha dharura hapa Dar es Salaam. Lakini usiku ule nilimpokea kama mama mwenye aibu, kwa sababu kwa miezi mingi nilikuwa nakwepa jambo nililokuwa naliona kila siku. Alikuwa anajikuna pua na shingo mpaka ngozi inachubuka. Anasinzia mkono umeshika kijiko cha wali, anashtuka, anasinzia tena. Choo hapati siku nne, nami namnunulia mapapai! Karatasi za foili za kuokea samaki zinaisha jikoni na hakuna aliyeoka samaki. Kijana wa namna hiyo akiletwa kazini ningesema "unga", yaani heroini, hata kabla hajakaa. Nyumbani nilisema ni uchovu, ni kukesha na simu.

Nikawasha tochi ya simu, nikammulika. Mboni zote mbili ndogo kama ncha ya sindano. Nikamvuta pembeni yule mmoja aliyemleta, akakiri kwamba walivuta kete ya unga saa tatu. Nikajiambia basi kinachomlaza ni unga, nikamfuta damu, nikamfunika shuka. Hilo ndilo kosa langu, na nimelibeba mpaka leo. Aliyetumia unga naye fuvu lake hupasuka.

Saa saba nikaenda kumwamsha. Kumwita hakukutosha, ilibidi nimfinye. Akafumbua macho kidogo, akatamka maneno yasiyofuatana, akatapika. Nikammulika tena: ya kushoto ndogo vilevile, ya kulia imepanuka. Unga hubana mboni zote mbili kwa pamoja. Moja ikipanuka peke yake baada ya kichwa kugonga chini, huenda damu imejaa ndani na inaukandamiza ubongo. Na kule kuongea vizuri kwanza, kisha kuzama taratibu, nimekuona kwa watoto wa watu wengine mara nyingi.

Nilimwamsha mdogo wake na jirani yetu mwenye gari. Tukamgeuza ubavu asipaliwe na matapishi, mmoja kichwa, mmoja mabega, mmoja nyonga, kwa hesabu moja, shingo isipinde. Njiani nilishikilia kichwa chake kwa mikono miwili huku nikihesabu pumzi: nane kwa dakika.

Mapokezi mtu alimtazama nguo akasema, "Hawa tunawajua, mlazeni pale pembeni, itamtoka." Sikugombana naye. Nilisema kwa sauti ya kukabidhiana zamu: "Fahamu 10, saa tano ilikuwa 14. Mboni ya kulia imepanuka. Katapika. Anapumua mara nane." Kwenye kipimo chetu aliye macho kamili ana 15, wa chini kabisa ana 3, na akifika 8 huwezi tena kuamini kwamba ataweza kulinda njia yake ya hewa mwenyewe. Machela ilikuja mbio.

Daktari akauliza, "Kuna kitu chochote anatumia?" Shemeji yangu alikuwa amesimama hapo hapo. Kidogo niseme hapana. Nikasema, "Anatumia heroini. Anavuta, hajidungi. Mara ya mwisho saa tatu." Jibu hilo lilibadilisha matibabu. Heroini huzorotesha pumzi, hewa chafu ikajaa kwenye damu, mishipa ya ubongo ikatanuka, na presha ndani ya fuvu ikazidi kupanda. Wakampa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, tena kidogo kidogo, kwani ikiingia yote kwa mkupuo mgonjwa huzinduka akitapika na kujitupatupa. Wakapima sukari, wakampa oksijeni, wakamvalisha kola ya shingo, wakainua upande wa kichwani nyuzi 30. Kila baada ya dakika 15 muuguzi alirudi kwenye mboni, fahamu, mapigo na presha. Mapigo yakishuka huku presha inapanda, muda umekwisha. Kipimo cha CT kilionyesha damu kati ya fuvu na utando wa ubongo, upande wa kulia. Alfajiri ilimkuta chumba cha upasuaji.

Siku ya pili wodini arosto, mwili kudai unga, ikamshika: jasho, miayo, mafua, kuhara, miguu haitulii. Kwa kuwa iliandikwa kwenye faili, sista wa zamu alijua kinachoweza kuwa kinaendelea, na bado alimmulika macho ili kuhakikisha damu haijarudi. Nilimshukuru sana yule dada. Kama ningeficha, angebaki anabahatisha.

Sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, ambayo nchini ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na siku hizi inapatikana vituo vingi. Kila asubuhi anakwenda kunywa mbele ya muuguzi, na miezi miwili ya mwanzo tulikwenda wote. Amewahi kurudia unga mara mbili. Mara zote mbili aliniambia mwenyewe, na mimi sikupiga kelele, ingawa mikono ilinitetemeka.

Nywele zimeota, ila kwenye mstari wa kovu bado. Methadoni nayo hubana mboni, kwa hiyo udogo hauniambii kitu. Naangalia kama zinalingana. Siku hizi akiingia jioni hanisubiri niseme. Anasimama chini ya taa ya sebuleni, anainua uso.